Kijiko, Bakuli na Kikombe: Vyombo vya Mtoto Anayeanza Kula



Mwezi uliopita nilipanda garimoshi kutoka Mombasa kwenda Nairobi kumzuru binti yangu, ambaye yeye na mumewe wanaishi Makongeni, ule mtaa wa Eastlands uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ikawachukua watu wengi wa kwetu hadi bara, na hata leo ukitembea kandokando ya Jogoo Road hukosi kukutana na mtu ambaye babu yake alizaliwa pwani.

Nilimkuta mjukuu wangu ametimiza miezi saba, naye ndiyo kwanza ametoka kuugua. Alikuwa ameharisha siku tatu mfululizo, macho yakamwingia ndani, na kilio chake kikawa hakina machozi. Alhamdulillah, mama yake alimkimbiza kliniki mapema. Walimpa maji ya ORS na vidonge vya zinki, wakamwambia asiache kumnyonyesha, na mtoto akanyanyuka. Lakini jambo lililonigusa katika kisa hiki ni swali la muuguzi. Hakuanza kwa kuuliza mtoto amekula nini. Aliuliza, “Mnamlisha kwa chombo gani?”

Binti yangu akatoa chupa mkobani. Ilikuwa chupa ya kunyonyea, na chuchu yake imekatwa kwa mkasi ili tundu liwe pana na uji upite. Muuguzi akaifungua, akainusa chuchu, kisha akamrudishia binti yangu ainuse mwenyewe. Hapakuhitajika maneno zaidi.

Jioni tulipokaa, niliona juu ya kabati katoni nzuri ya vyombo vya mtoto, vipande kumi na viwili, zawadi ya rafiki zake wa kazini. Haijafunguliwa. Nikataka kumkaripia. Nikamwuliza, “Mwanangu, vyombo vyote hivi unavyo, mbona mtoto akanywa uji kwa chupa iliyokatwa?”

Akaniambia kwa upole, “Baba, mimi natoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Mama anayemlea ana watoto wanane. Aliniambia nilete uji kwenye chupa, kwani hana mikono minane ya kushika vijiko.”

Nikanyamaza. Nilikumbuka kuwa watoto wangu mwenyewe walipokuwa wachanga, sikuwahi hata siku moja kuuliza wanalishwa kwa nini. Nilileta matumizi nyumbani nikaenda zangu madrasani. Basi makala haya, ndugu msomaji, ni deni ninalolilipa kwa kuchelewa. Nimewauliza wauguzi, nimesoma kitabu cha kliniki cha mama na mtoto ukurasa kwa ukurasa, na haya ndiyo niliyoyakusanya.

Wakati wa kuanza

Shirika la Afya Duniani na Wizara yetu ya Afya wanasema neno moja: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Sisi tunaosoma Sura ya Al-Baqara tunaujua muda huo wa miaka miwili kamili, umetajwa katika aya ya 233. Na aya hiyo hiyo inapozungumzia kumlikiza mtoto, inataja ridhaa na mashauriano ya wazazi wawili. Zingatia hapo: baba na mama, wote wawili. Jambo la kulisha mtoto halikuachwa jikoni kwa mama pekee.

Mtoto aliye tayari huonekana. Shingo yake imekaza, anakaa kwa kuegemezwa kidogo, anakitazama chakula chako na kukinyoshea mkono, na hausukumi nje kwa ulimi kila unachomtia mdomoni. Huyo sasa anahitaji vyombo vyake.

Kijiko

Kijiko cha mtoto kiwe kidogo, kisicho na kina kirefu, na kingo zake ziwe laini zisizokwaruza ufizi. Cha plastiki laini ni kizuri, na cha chuma kisichoshika kutu, kile wauzaji wanachokiita stenlesi, ni kizuri pia na hudumu zaidi. Cha plastiki kikishatafunwa na meno ya kwanza kikaota nyufa, kitupe. Uchafu hujificha ndani ya ufa usiouona. Nunua viwili: kimoja chako cha kumlishia, na kimoja cha kumshikisha yeye. Mtoto aliyeshika kijiko chake hapiganii chako.

Kijiko pia ni mizani ya uji. Chota uji, kisha kiinamishe kijiko polepole. Ukimwagika wote kama maji, uji huo ni mwepesi mno. Ukikaa na kudondoka taratibu, huo ndio. Sababu yake ni hii: tumbo la mtoto wa miezi minane hubeba takriban mililita 200 tu kwa mlo mmoja. Ukilijaza uji mwepesi, umelijaza maji. Mtoto atashiba bila kulishwa. Na hapo ndipo ubaya wa pili wa chupa unapodhihiri, kwa kuwa uji hauwezi kupita katika chuchu mpaka uwe mwepesi. Chupa humtia mtoto uchafu, na juu ya hayo humnyima chakula.

Kuna jambo lazima niliseme ijapokuwa ni mazoea ya zamani katika nyumba zetu nyingi. Wapo wanaomlaza mtoto mapajani, wakamkingia kiganja mdomoni na kumminia uji kwa nguvu huku akilia. Mtoto anayelia huvuta pumzi ndefu, na uji ukifuata pumzi huingia mapafuni. Mtoto alishwe akiwa amekaa wima, kwa subira, kwa kuzungumzishwa. Akigeuza uso, mpumzishe. Mkono wenyewe si mbaya, madamu umeoshwa kwa sabuni. Ubaya ni nguvu.

Tena suala ambalo huulizwa mara kwa mara: zawadi ya kijiko au kikombe cha fedha kwa mtoto mchanga. Kulia na kunywea katika vyombo vya dhahabu na fedha kumekatazwa katika hadithi sahihi, na wanazuoni walio wengi hawakutofautisha mwanamume na mwanamke katika hilo. Mlezi asimzoeshe mtoto asichoruhusiwa mkubwa. Aliyekwisha kupewa na amshukuru mtoaji, akitunze kama mali, wala asimlishie. Stenlesi hung'aa kama fedha lakini si fedha, haina neno.

Bakuli

Mpe mtoto bakuli lake mwenyewe. Si kwa ajili ya kumtenga na sinia la familia, bali kwa sababu mtoto anayelishwa kutoka sahani ya mama yake, hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Kipimo chepesi ni kikombe cha mililita 250. Mwanzo wa miezi sita, vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa mlo vinatosha, mara mbili kwa siku. Kisha ongeza polepole: kati ya miezi sita na minane afike nusu kikombe, milo miwili hadi mitatu, kati ya miezi tisa na kumi na mmoja apate nusu kikombe, milo mitatu hadi minne, na akitimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, pamoja na kitafunio kimoja au viwili katikati. Weka chakula hicho bakulini na utajua, bila kukisia, mwanao amekula au hakula.

Katika kuchagua, stenlesi ni bora kwa nyumba nyingi: halivunjiki, halishiki harufu, na maji ya moto hayalidhuru. Bakuli la bati lililopakwa rangi likibanduka, lipe kazi nyingine. Yale ya melamini tunayoyapenda kwa maua yake yametengenezwa kwa chakula cha mezani. Yasipashiwe moto, kwani joto kali huyafanya yatoe kemikali. Mkebe wa majarini au wa aiskrimu usigeuzwe bakuli la uji wa moto, haukukusudiwa hivyo.

Kuhusu plastiki, kuna kemikali iitwayo bisfenoli A iliyokuwa ikitumika katika plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani mwaka 2012. Geuza chombo utazame chini: alama ya bilauri na uma humaanisha kinafaa kwa chakula, na nambari 5 ndani ya pembetatu ni aina ya plastiki inayostahimili joto. Hata hivyo, uji uache upoe kidogo kabla ya kuumimina katika plastiki yoyote.

Na sufuria? Mafundi wetu wa Kamukunji ni mahodari, na riziki yao ni halali. Lakini watafiti waliozipima sufuria zilizoyeyushwa kutokana na alumini ya vyuma chakavu katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, walikuta baadhi zikitoa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Uji wa mtoto basi upikwe katika sufuria ya stenlesi ukiweza kuipata, hata ndogo. Hasa uji uliochachushwa au uliotiwa ndimu au ukwaju usiupike wala kuulaza katika alumini ya namna hiyo, kwa maana uchachu huyavuta madini.

Kikombe na chupa

Kikombe cha kawaida, kidogo, kisicho na mfuniko, kinamtosha mtoto wa miezi sita. Atamwaga, ndiyo. Atajilowesha kifua, ndiyo. Baada ya siku chache atajua kufyonza ukingoni, na ndani ya miezi michache atakishika mwenyewe. Hata maziwa ya mama yaliyokamuliwa hunyweshwa kwa kikombe, na wauguzi huwafundisha hivyo kina mama wa watoto wachanga kabisa.

Hoja ya kikombe dhidi ya chupa ni hoja ya tahara. Kikombe unakiona ndani, unaingiza vidole viwili na sabuni, unasuuza, umemaliza. Chupa ina shingo, mfuniko wake una mikunjo, chuchu ina tundu. Inahitaji brashi yake, maji mengi, na kuchemshwa kila mara. Vikombe vyenye mdomo na vile vya mrija vina shida hiyo hiyo. Katika mtaa ambao maji huja kwa zamu, na siku nyingine mtungi wa lita ishirini hununuliwa, nani ataichemsha chupa mara tano kwa siku? Chombo bora ni kile unachoweza kukiosha kwa maji uliyo nayo.

Ndiyo maana dunia iliweka kanuni mwaka 1981 za kuzuia utangazaji wa maziwa ya kopo, chupa na chuchu, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Ukiona mtu anakusifia chupa kwa zawadi na punguzo la bei, jua kuwa kuna sheria inayomkataza.

Chuchu ya plastiki ya kumnyamazisha mtoto sitaizungumzia sana, ila kwa jambo moja zito. Wapo wanaoichovya katika asali. Ndugu zangu, hakuna anayekanusha tiba iliyomo katika asali. Sura ya An-Nahl imeitaja. Lakini dawa ina umri wake kama ilivyo na kipimo chake. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzishinda, bali tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliziwezi, zikamletea ugonjwa adimu lakini mkali unaolegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Kuichemsha hakuziui. Asali ingoje mpaka mtoto atimize mwaka.

Uma, chekeche na blenda

Blenda si lazima. Uma mmoja unaponda ndizi mbivu, parachichi, viazi vitamu na boga. Chekeche ya waya yenye matundu madogo hutenga maganda ya kunde na maharage. Kinu kidogo husaga dagaa waliokaushwa wakawa unga wa kunyunyizia. Samaki mchambue kwa vidole vyako mwenyewe, kwa kuwa vidole huujua mwiba ambao uma hauujui.

Wenye blenda waitumie kwa kiasi. Mtoto anayepewa chakula kilichosagwa mpaka kikawa kama maziwa hadi anafika mwaka, hushindwa kutafuna. Miezi sita ni kuponda. Kuanzia miezi minane ashike vipande laini mkononi. Akitimiza mwaka ale kilichopikwa nyumbani, kilichokatwakatwa. Karanga nzima, korosho, zabibu nzima na peremende ngumu viwekwe mbali, kwa hofu ya kumsakama.

Kitambaa, kiti na thamosi

Kitambaa cha kifuani kinaweza kukatwa kutoka kanga kuukuu. Shona vitatu, kimoja kichafu, kimoja majini, kimoja kavu. Epuka chenye kamba ndefu, na kivue mara tu mlo unapokwisha, asilale nacho shingoni. Kiti cha juu cha kulia, ukikinunua, kiwe na miguu mipana na mkanda, wala usimwache mtoto juu yake ukaenda kujibu simu. Asiye nacho ana mkeka na mapaja, na hakupungukiwa na kitu.

Thamosi ndiyo inayotudanganya zaidi. Uji ukipikwa alfajiri ukatiwa katika thamosi isiyoshika moto vizuri, au katika chupa iliyofungwa kwa taulo, hubaki vuguvugu, na vuguvugu ndiyo hali wadudu wanayoipenda. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili nje ya baridi au nje ya moto wa kweli. Afadhali mtoto apelekewe ndizi nzima, parachichi lisilokatwa au kiazi kitamu chenye ganda lake, kipondwe pale pale wakati wa kula, kuliko uji wa saa sita.

Tulivyofanya Makongeni

Asubuhi ya pili nilifuatana na binti yangu na mumewe hadi kwa yule mama anayelea watoto. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na chumba chake kimefagiliwa. Tulimwamkia, tukakaa, tukamweleza bila kumlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sheikh, kijiko sikikatai. Ninachokosa ni maji. Bomba likikauka, vyombo vya watoto wanane nivioshe na nini? Chupa mama yake huiosha nyumbani, ndiyo sababu nikaitaka.”

Kumbe tulikuwa tumelitafuta kosa pasipokuwa pake. Mkwe wangu akasema palepale kuwa kila asubuhi atambeba mtoto kwa mkono mmoja na kidumu cha lita tano kwa mkono wa pili, maji yaliyochemshwa, pamoja na kipande cha sabuni. Binti yangu akafungua ile katoni. Katika vipande kumi na viwili tulichagua vinne: vijiko viwili, bakuli lenye mfuniko, na kikombe. Chupa mbili zilizomo hatukumpa mtu, tulizitupa. Yule mama naye akaahidi kuwakalisha watoto watatu wakubwa mkekani, kila mmoja na bakuli lake, awalishe kwa zamu. Juma lililofuata, binti yangu alinipigia simu kuwa wazazi wengine wawili nao wameanza kuleta vidumu.

Nilipomwona mjukuu wangu akila kwa mara ya kwanza kutoka bakuli lake, nilimkumbuka Umar bin Abi Salama, yule kijana mdogo aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, ambaye mkono wake ulikuwa ukizungukazunguka katika sahani. Hakupigwa wala kufokewa. Alifundishwa mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Mtoto wa miezi saba hana taklifu. Akikishika kijiko kwa kushoto, mhamishie kulia kwa tabasamu, useme bismillahi kwa sauti ili sikio lake lizoee. Adabu ya chakula huanzia hapo, kabla ya kuja maneno.

Kwa mzazi anayekwenda sokoni wiki hii, iwe Muthurwa, Marikiti au duka la jirani, orodha ni fupi: vijiko viwili, bakuli moja, kikombe kimoja, vitambaa vitatu, chekeche ndogo, na sabuni. Kitakachobaki katika fedha yako nunua yai, dagaa na parachichi, kwani chombo hakishibishi. Na kina baba wenzangu, kabla hamjatoka nyumbani kesho, ulizeni: mwanangu leo atalishwa kwa nini, na maji ya kukiosha chombo hicho yako wapi?

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape afya na malezi mema, na awalipe kheri kina mama wanaowalea, wao na wa wenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq.